Gunia la Kiti cha Mbele

Watu wa karakana walilibandika gunia jina la bosi wao. Lilikuwa gunia la mchanga, zito kama mtu mzima, na kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha mbele, cha abiria, kila ndege mpya iliporushwa mara ya kwanza, ili uzito ulingane na wa rubani aliyekaa nyuma. Kwa kuwa Alden Voorhees, aliyezibuni ndege zote hizo, hakuwahi kupanda hata moja, fundi mmoja alilichora gunia masharubu, mwingine akalifunga tai, na tangu hapo likawa Bwana Alden.

"Bwana Alden kafunga mkanda?" walikuwa wakiulizana.

"Kafunga, ila kajikojolea."

Alden akipita alijifanya kiziwi, lakini moyoni alifurahi. Hakuwa na utani mwingine na mtu yeyote duniani.

Uoga wake ulikuwa wa tangu utotoni. Baba yao alitengeneza pampu za upepo kwenye mashamba ya Kansas, na aliyepanda mnara wa pampu kutia grisi alikuwa Verna, dada yake mdogo. Alden alibaki chini ameshika kamba, akihesabu mapanga yanavyozunguka. Kuhesabu huko ndiko kulikomfikisha mbali: kwanza vishada, kisha ndege isiyo na injini iliyoishia kwenye zizi la nguruwe wa jirani, kisha karakana nje ya Wichita yenye jina lake ukutani. Verna alishona vitambaa vya mabawa. Mumewe, Leland Stroud, ndiye aliyekuwa rubani.

Leland alikufa mwezi Machi. Alikuwa akikata kona ya kushoto juu ya shamba la ngano, mkia ukakatika, ndege ikaanguka mbele ya macho yao wote. Walipokuja watu wa gazeti, Alden aliwaambia kwamba hesabu zake ziko sawa, na kwamba shemeji yake aliikata ile kona kwa papara. Hakusema uongo, aliyaamini maneno yake. Mji mzima ukayachukua, na jina la Leland likageuka mfano wa papara hata kwa watoto. Maiti hajitetei.

Verna hakumgombeza. Baada ya mazishi alirudi kwenye sindano yake, na kwa kaka yake akabakiwa na maneno mawili tu, ndiyo na hapana. Zamani Alden alikula kwao kila Jumapili. Sasa alikula maharage ya kopo jikoni kwake, amesimama, maana kukaa mezani na viti vitupu kulimshinda.

Mei, ndege ya pili ya aina ileile ikawa tayari. Waliisukuma nje asubuhi, upepo umetulia. Rubani mpya, Burl Hankins, alikuwa akifuta miwani yake, na mafundi wawili wamelibeba gunia, Verna alipotoka chumba cha kushonea akasimama mbele yao.

"Liwekeni chini," alisema.

Wakaliweka. Otis, msimamizi wao, alicheka akidhani ni mzaha, akaona anacheka peke yake.

"Kaka," Verna akasema, "Leland alikwambia mkia unatetemeka. Alikwambia mezani kwangu, nikiwapakulia. Wewe ukamchorea hesabu kwenye kitambaa changu cha meza. Leo gunia linabaki. Panda wewe."

"Verna, unajua siwezi."

"Najua. Minara yote nilikupandia mimi. Huu sikupandii."

Alden angekataa, hakuna fundi ambaye angemlaumu mbele ya uso wake. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Alden alikuwa amewabebesha wengine uoga wake miaka yote bila kuupima. Akamwomba Burl, wakifika juu vya kutosha, apunguze injini akate kushoto, taratibu. Kisha akapanda. Otis alimfunga mkanda.

Juu alifumba macho. Alipoyafumbua, ngano ilikuwa kijani tupu chini yake na hakukuwa na kamba ya kushika. Burl akapunguza injini, akakata kushoto. Mwanzoni hakuna kitu, na Alden akaanza kupumua. Kisha mtetemo ukaja, ukapanda kitini, ukamwingia mgongoni hadi kwenye meno. Leland alikuwa amesema ni kama ngozi ya farasi anayefukuza nzi, naye akamjibu kwamba ndege si farasi. Ilikuwa vilevile hasa. Katika hesabu zake zote hakuwa ameuachia mtetemo huo nafasi. Alilia huko juu, na kwa kuwa rubani alikuwa nyuma yake, hakuna aliyemwona.

Aliposhuka alitapika kando ya gurudumu, akajifuta mdomo.

"Mkia unatetemeka," aliwaambia wote. "Leland alisema kweli, mimi nikamsingizia. Hii hairuki tena. Gazetini nitakwenda mwenyewe, leo hii."

"Umeusikia?" Verna aliuliza.

"Nimeusikia."

Verna akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Alden alisubiri kidogo pale nje, huenda angegeuka. Mlango ukafungwa.

Gazeti liliandika. Alden akachora mkia mpya, na tangu hapo kila ndege iliporushwa mara ya kwanza, kiti cha mbele kilikuwa chake. Mafundi wakaanza kumvulia kofia. Walipokuwa wakila mchana kwenye kivuli cha bawa, alipokaribia walinyamaza na kumpisha, kwa hiyo akazoea kula pembeni, ukutani, lilipotupwa gunia na masharubu yake.

Siku moja, wakijiandaa kurusha ndege nyingine, Otis alikuwa akimkaza mkanda.

"Siku hizi hakuna anayeuliza kama Bwana Alden kafunga mkanda," Alden alimwambia.

Otis akavua kofia yake.

"Hapana, bwana," alijibu kwa heshima. "Tunaona umefunga."