Jina Moja, Mistari Yote

Ghorofa lililokuwa likijengwa lilianguka asubuhi, na kufika adhuhuri ndugu wa mafundi walikuwa wamejaa getini pa hospitali. Mganga mkuu akamwita mwanamke wa kompyuta za hospitali. Alitaka majina ya marehemu waliotambuliwa yatokee kwenye skrini ya wauguzi, ili familia ziitwe ndani moja moja, kwa staha, si kupigiwa kelele getini.

Dada wa watu akakubali, ingawa roho ilikuwa juu. Mdogo wake, waliyemwita Cheche kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma, alikuwa kwenye ghorofa lilelile, na simu yake ilikuwa ikiita tu bila kupokelewa. Huyo Cheche haishi kumtania, eti kazi gani hiyo ya kukaa kitako, hata jasho haitoi.

Akaandika programu mbiombio, kwa lugha ya C, maana mashine ile kuukuu haikujua nyingine. Kwa haraka zake akatumia vielekezi. Kielekezi hakibebi jina. Kinasema tu jina liko wapi. Naye, jamani, akavielekeza vyote mahali pamoja, kwenye nafasi ileile ya kusomea ndani ya kumbukumbu ya mashine, ambako kila jina linaloingia linafuta lililotangulia.

Chumba cha maiti kikatuma majina. Skrini ikajaa jina moja, juu mpaka chini. Lilikuwa jina kamili la Cheche, lile halisi, likifuatwa na la baba yao na la babu yao.

Akaisoma mistari yote, mmoja mmoja. Kisha akacheka, kicheko kikavu.

"Imekosea," alimwambia muuguzi mzee aliyesimama nyuma yake. "Mtu mmoja hawezi kufa mistari yote hiyo. Programu mbovu haiaminiki."

"Basi itengeneze, mwanangu," muuguzi alisema.

Akaitengeneza. Alitoa vielekezi vyake, akaweka jedwali la herufi, mistari ikishuka chini na herufi zikienda kulia, kila jina na mstari wake. Katikati ya kazi vidole vikaanza kusita. Alikuwa anajua, ila alijikausha tu. Kosa lile halibuni jina. Linarudia la mwisho kusomwa, na lisingesomwa kama halikutumwa. Aliogopa, aliogopa sana. Angeweza kusema mashine imekufa, akaenda zake nyumbani na matumaini yake. Lakini pale getini walikuwapo mama za watu, wamesimama juani tangu asubuhi. Akaiwasha upya.

Majina yakajipanga, la huyu hapa, la yule pale. La Cheche halikuondoka. Lilikuwa chini kabisa, mara moja tu, limeandikwa sawasawa.

Muuguzi akamwekea mkono begani, akauliza kwa sauti ya chini aanze kuwaita akina nani.

"Anza na wa juu," alisema. "Ndugu wa huyu wa mwisho usiwaite. Tumeshafika."