Ukulele Iliyokataa Kupigwa Msasa

Jana usiku niliota ukulele ya Bi Mwanakheri imeketi kwenye kiti changu cha kazi, imekunja nne, inaniomba kitambulisho.

Mchana wake Bi Mwanakheri alikuwa ameniletea ukulele hiyo karakanani kwangu Ngamiani. Ni gitaa dogo la nyuzi nane, zimekaa mbilimbili, aina ambayo mimi nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Alitaka nimwambie kama ndiyo ile ya marehemu baba yake. Kaka yake anasema siyo, ni takataka ya mnadani, na ameshapata mtu wa kuichukua. Nilimwahidi jibu asubuhi. Sasa mimi sipendi mteja akute kitu chake kichafu, kwa hiyo niliweka karatasi ya msasa tayari mezani, niliondoe doa moja lililopauka karibu na tundu. Nasafisha kwanza, ndipo naangalia. Ndivyo nilivyofundishwa.

"Kitambulisho sina," naiambia. "Anayetakiwa kutaja umri ni wewe."

Inanijibu kwamba mtu mzima haulizwi umri hivihivi, waitwe mashahidi. Papo hapo karakana inakuwa ofisi ya vizazi na vifo, na vifaa vyangu vyote vimepanga foleni. Skrubu anaapa kwamba hakuwepo ukulele hii ilipoundwa. Plastiki anasema hata babu yake hakuwepo. Halafu vigingi vinane vya mbao vya ukulele yenyewe vinaingia vimeshikana mikono, na karani, ambaye ni kopo langu la gundi, anasimama kwa heshima. Nami nasimama. Kila kimoja kimechongwa kwa mkono, hakuna msumari wala chuma, na bado vinakaza uzi. Machozi yananitoka na sioni haya.

"Imepita miaka mia," karani anaandika. "Mwenyewe nani?"

Ukulele inageuka taratibu inionyeshe lile doa. Nasema doa limekaa upande usio wake, mkono wa mpigaji haupiti hapo.

"Wa kulia haupiti," inasema. "Baba yake Mwanakheri alikuwa wa kushoto. Walimchapa utotoni mpaka akaacha. Akala kwa kulia, akaandika kwa kulia, akaamkia watu kwa kulia. Kwangu tu ndipo alipopumzika. Na hapo ndipo unapotaka kupapiga msasa, fundi."

Naona aibu. Naikabidhi msasa. Inaukunja mara nne, inaumeza kwa tundu lake, inashukuru.

Niliamka, na Bi Mwanakheri alipofika sikumpa hata kiti. Nilimuuliza baba yake alipiga kwa mkono gani.

"Hilo mama aliniambia mimi peke yangu," alisema. "Kaka hajui. Wewe nani kakwambia?"

Nilimwonyesha doa. Aliweka kidole gumba cha kushoto pale, kikaenea, akalia. Akasema haiendi popote.

Kisha aliitikisa kidogo sikioni, akaniuliza ndani kuna karatasi gani. Nilitazama mezani. Msasa haukuwepo.