Mtu wa Theluji wa Bibi

Hapa Hobart, Australia, theluji ikianguka mlimani, watoto wanajenga mtu wa theluji juu ya boneti ya gari, halafu mnashuka naye polepole mpaka nyumbani. Mpwa wangu Tilly alitaka wake amfikie bibi yake, ambaye hatoki tena kitandani.

Ndo kwanza amemvisha kofia, nikafika huko mlimani na dada yangu Bronwyn, mama yake Tilly, kumchukua mtoto, maana wazazi wameachana na zamu ya baba yake, Dermot, kukaa naye imeisha. Weee, vita!

"Mtu wa theluji yuko kwenye gari langu, nampeleka mimi," Dermot akasema.

"Kwa mama yangu? Hukanyagi pale!"

"Basi mbebe kichwani, mama mjuaji!"

"Afadhali kichwani kuliko kwenye mkweche wako!"

Muda wote huo Dermot kaacha injini inawaka ili hita ipashe joto ndani. Tilly akamvuta koti. "Baba, zima gari."

"Subiri, naongea na mama yako!"

Walipokuja kunyamaza, boneti ilishapata moto, mtu wa theluji kayeyuka. Ilibaki kofia iliyolowa na karoti ya pua yake. Tilly akaokota karoti, akaingia kwenye gari langu.

"Mjomba, twende kwa bibi. Na ufunge milango, hao wasiingie."