Radhi Isiyoombwa

Nilisimama mbele ya jopo la usaili na bonge la udongo wa jaruba la mpunga mkononi, nimelifunga kwa jani la mgomba, huku maneno ya baba yangu yakinisubiri kooni.

Kwetu Fianarantsoa, Madagaska, mtu hasimami kuhutubia watu kabla ya kuomba radhi. Husema yeye ni mdogo, wakubwa wapo, hakustahili kutangulia. Akishajivua lawama ndipo huingia kwenye neno lenyewe. Baba, Mzee Razafy, huitwa kwenye harusi na mazishi kwa ufundi huo. Alinifundisha nikiwa bado kibogoyo wa meno ya mbele.

Tangu nipate shahada ya uzamivu, mwaka wa saba huu, nafundisha elimu ya udongo kwa malipo ya saa katika chuo kile kile nilichosomea, nikingoja ajira ya kudumu. Nafasi imetangazwa mara mbili. Mara mbili niliomba radhi kwa ufasaha hadi wajumbe wakatikisa vichwa kwa raha. Wakausifu unyenyekevu wangu, nafasi wakampa mwingine. Wa mara ya pili nilimfundisha mwenyewe. Iliniuma, na bado inaniuma.

Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Wanaoajiriwa hawatakiwi kuzidi miaka arobaini, nami ilikuwa imebaki miezi miwili niivuke.

“Udongo huu umechoka,” nikaanza, “na mimi najua kwa nini.”

Mwenyekiti, Profesa Andriambelo, akainua mkono taratibu. “Haingo, mwanangu, umesahau radhi.”

“Sijasahau, Profesa. Nimeiomba humu humu mara mbili. Leo sina kosa.”

Mjumbe mmoja akaiweka kalamu chini. Hasira ilinishikilia wima. Nikafungua jani, nikampa Profesa bonge alimegue, ampe jirani yake. Wakapokezana, ncha za mikono ya mashati yao zikiingia tope, nami nikawafundisha kama ninavyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hakuna aliyenikatiza tena. Nilipomaliza waliniambia watanijulisha, kama walivyoniambia siku zote.

Nyumbani nilimkuta baba na kikombe chake cha maji yaliyochemshiwa ukoko wa wali. Nikamweleza yote.

“Hukuomba kabisa?”

“Sikuomba, baba.”

Akanitazama kana kwamba nimevunja chungu cha bibi yake. “Basi kazi hiyo umeikosa.”

“Hata nilipoomba niliikosa.”

Akanywa maji yake hadi tone la mwisho, akatoka.

Jumamosi alikuwa na harusi ya kuhutubia. Nikiwa napepeta mchele nilimsikia uani akijizoeza. Akaanza kama siku zote: yeye ni mdogo, wakubwa wapo, hakustahili. Kisha akakatisha, nami nikauacha ungo nichungulie.

Alikuwa amesimama peke yake, mikono nyuma. Akakohoa, akaanza upya, safari hii moja kwa moja kwenye neno lenyewe.