Maji ya Saba

Maji ya saba yalipotoka meusi kuliko ya kwanza, Timazi aliitua ndoo chini na kumlaani mtu aliyeufungasha ule udongo, mtu asiyemjua wala hatamjua. Miaka thelathini na minane ameosha mchanga wa kupigia lipu, na hajapata kuona kitu kinachokataa kutakata namna hii. Mchanga wa kawaida humaliza uchafu wake kwa maji matatu. Ule mkaidi kabisa, matano. Huu, kadiri alivyousugua ndivyo ulivyozidi kuyeyuka, na zile punje nyeusi zilizokuwa ngumu na za mviringo mfukoni sasa zilikuwa uji mikononi mwake.

Timazi ni jina la kazini. Walimpa mafundi wenzake wakimcheka, kwa kuwa aliuamini ule uzi wenye risasi mwishoni, wa kupimia kama ukuta umesimama wima, kuliko alivyomwamini mtu yeyote, lakini jina likamkaa vizuri na akalipenda. Hata mkewe alimwita hivyo, tena kwa kulivuta kidogo akiwa amefurahi. Tangu miezi miwili iliyopita alikuwa akimwita "wewe".

Na yote yalianza kwa kutaka kusaidia, jambo lililomkera kuliko mengine. Mdogo wa mkewe, mwalimu asiye na mume wala mtoto, alifariki akaacha nyumba ya kupanga, makabati mawili ya vitabu na tangi la kioo lililojaa mimea ya majini. Alilitunza miaka kumi na moja. Mkewe hakutaka vitabu wala nguo. Alitaka tangi tu. Yeye akabaki kule kufunga vyombo, Timazi akatangulia nalo nyumbani. Alipolitazama vizuri akaona chini kuna tope jeusi, nene, lenye harufu yake. Akafanya ambacho fundi yeyote anayejiheshimu angefanya. Aliliosha.

Mkewe aliporudi jioni alikuta kioo kinang'aa, mawe meupe, na mimea yenyewe imesuuzwa na kulazwa kwenye beseni kama mboga inayosubiri kisu. Hakupiga kelele. Alichagua vitawi tisa vilivyokuwa na uhai, akavitia kwenye chupa ya maji na kuiweka dirishani jikoni. Kisha akasema, bila kumtazama, "Umemwosha mdogo wangu mpaka ameisha."

Neno hilo halikumtoka Timazi. Ndiyo maana hakuliacha jambo hilo lipite hata wiki moja. Alianza na mchanga wa mtoni, ule mzuri anaouweka kwa ajili ya kuta za ndani. Akauchekecha, akauosha, akautandaza chini ya tangi na kuusawazisha kwa pimamaji, huku akitania peke yake kwamba leo chombo kimepata maji ya kupima. Mkewe hakucheka. Vitawi vinne walivyovipanda viling'oka na kuelea siku hiyo hiyo. Wakavirudishia, vikashika kwa siku chache, kisha majani yakageuka njano kuanzia chini na mashina yakawa laini. Mchanga ulikuwa safi kiasi kwamba haukuwa na chochote cha kuulisha mmea.

Mara ya pili alitumia chembe za marumaru zilizobaki kwenye sakafu ya mteja. Alizipenda, zilikuwa nyeupe kama meno ya mtoto. Vikafa vitawi vingine viwili. Ndipo akajikokota hadi kwa dada anayeuza samaki wa mapambo, akiwa na chembe chache kwenye leso. Yule dada alizidondoshea siki na zikatoa povu. Akamweleza kwa upole kwamba marumaru hayo yanayabadilisha maji, na mimea ya aina ile haiyapendi. Akampa mfuko wa udongo maalumu na kumsisitizia mara mbili asiuoshe, autie kama ulivyo.

Timazi alisikia vizuri tu. Ila njiani alijiuliza huyu dada, ambaye hajawahi kuinua mwiko, anamfundisha nani habari za udongo. Kitu kisichooshwa kinaingiaje kwenye maji ya kutazama?

Sasa ndoo ilikuwa mbele yake, na uji ndani. Mkewe alitoka jikoni akaja uani na ile chupa mkononi. Vilibaki vitawi vitatu, na kimoja tayari kilikuwa kimeanza kupauka. Alichungulia ndoo, akaona mfuko mtupu ukutani.

"Alikwambia uuoshe?"

"Alinikataza."

"Na ukauosha."

Hasira zilimpanda Timazi, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumwangukia, zikaliangukia pipa. Lilikuwa pipa lake la kumwagia maji ya kuoshea. Hakumwaga maji hayo kwenye mfereji hata siku moja, kwa sababu tope lake huziba na majirani hununa. Huyaacha yatulie humo, maji ya juu huyachota, na tope hulitupa likifika alama nyekundu aliyoipaka. Kwa miezi kadhaa lilikuwa halijafika. Leo hakujali alama. Alilikumbatia lile pipa kwa mikono miwili na kuliinamisha ili amwage kila kitu, yaishe, na kesho alipeleke tangi kwa mtu mwenye akili.

Maji yalikwenda. Tope likaanza kuteleza kuelekea ukingoni, zito, jeusi.

"Subiri," mkewe alisema.

Aliweka chupa chini, akaingiza mkono ndani ya pipa mpaka kwenye kiwiko na kutoa bonge la tope. Alilinusa. Akalifungua kwa kidole, na katikati yake kulikuwa na ganda dogo la konokono, dogo kuliko punje ya mchele, la rangi ya kahawia. Nyumbani kwa mdogo wake konokono kama hao walitambaa kwenye kioo kila mgeni alipoketi kunywa chai.

"Maji ya siku ile uliyoosha tangi uliyamwagia humu?"

"Humu humu."

"Na tope hukulitupa?"

"Halijafika alama."

Mkewe alisimama na tope kiganjani, likimchuruzika hadi kwenye kanga. Timazi alilirudisha pipa wima polepole. Aliona afadhali aseme, hata kama maneno yatatoka vibaya.

"Nilikosea," alisema. "Siku ile. Sikupaswa kuosha. Wala leo."

Mkewe alimnyooshea sufuria kuukuu na kumwambia achote.

Walitandaza tope unene wa vidole viwili, na juu yake mchanga wake wa kuta za ndani, vidole vitatu, ili tope lisitibuke. Hapo mkewe alimwachia kazi, kwa sababu kulaza tabaka juu ya tabaka hakuna aliyemshinda. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye pimamaji. Akatazamwa, akauondoa. Vitawi vitatu mkewe alivipanda mwenyewe. Maji waliyatia taratibu juu ya sahani ili mchanga usichimbike, na hata hivyo yalikuwa ya rangi ya chai.

Siku ya nne asubuhi yalikuwa bado ya rangi ya chai. Timazi alisimama mbele ya tangi na mikono mfukoni, maana ikiwa nje haiaminiki. Kile kitawi kilichopauka kilikuwa kimeanguka, ndiyo basi tena. Viwili vilisimama. Kimoja kilikuwa na jani jipya kileleni, dogo, limejikunja. Lakini uchafu ule ulimwasha mwilini.

"Nipunguze maji kidogo tu," alisema. "Ndoo moja."

Mkewe alikuja akasimama kando yake na kikombe chake cha chai. Alilitazama lile jani.

"Yaache, Timazi," alisema.