Makaa ya Jepchirchir

Saa kumi na mbili asubuhi, Juni 1937, moshi wa moto mmoja tu ulikuwa ukipanda mbele ya geti la kinu cha unga, Eldoret. Moto huo ulikuwa wa Nanzala, muuza uji. Jepchirchir, aliyekaa hatua chache kutoka kwake, hakuhitaji moto. Yeye aliuza ugali uliopoa na mursik, maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu.

Wapagazi wa kinu walikula hapo kabla ya king'ora. Waliotoka magharibi waliketi kwa Nanzala, Wanandi kwa Jepchirchir, na matani yakavuka huku na huku.

"Kipyego, umeshiba masizi?" Murunga alimuuliza Mnandi huyo kutoka benchi la Nanzala, midomo ikiwa bado na uji.

"Nimeshiba. Naweza kubeba gunia lako na wewe ukiwa umekaa juu."

Walicheka wote isipokuwa Nanzala. Ijumaa iliyopita Bwana Afya wa kanjo, baraza la mji, alikuwa amesema kwamba hapo getini atabaki mama mmoja tu, na leo ndiyo siku aliyoahidi kuja kuchagua. Nanzala hakuwa na shamba la kurudia. Jepchirchir pia hakuwa nalo. Ardhi ya baba yake sasa ilikuwa na ng'ombe wa mzungu.

Bwana Afya alikuja na askari. Alichungulia sufuria ya uji, akapita. Kwa Jepchirchir aliamuru maziwa yamiminwe kwenye kikombe cheupe. Yalitoka na rangi ya majivu, chembe nyeusi zikielea juu.

"Hii nini?"

"Makaa, bwana." Jepchirchir alikuwa na Kiswahili kidogo, akakitumia chote. "Mti ya senetwet. Nachoma, nasugua ndani ya kibuyu. Maziwa inakaa mzuri."

Bwana Afya alimgeukia Nanzala. "Wewe nasoma misheni. Kweli, watu nakula makaa?"

Nanzala alijua jibu. Mwaka uliotangulia binti yake Nekoye aliharisha hadi macho yakazama, na maziwa ya kibuyu hicho ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kukaa tumboni mwake. Jepchirchir aliyaleta mwenyewe kila jioni, mpaka mtoto akasimama. Sasa Jepchirchir alikuwa akimtazama Nanzala bila wasiwasi wowote.

"Kwetu, bwana," Nanzala alisema, "makaa ni ya kupikia."

Hapakuwa na uongo katika maneno hayo.

"Mama Nekoye," Jepchirchir alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie."

Nanzala alikoroga uji.

Askari alimwaga maziwa mtaroni, akakikanyaga kibuyu. Hakikuvunjika. Akakikanyaga tena, kikapasuka. Murunga alicheka, kisha benchi zima la uji likacheka naye. Wanandi waliinuka wakaingia kinuni kabla ya king'ora, ugali wao ukiwa mkononi.

Asubuhi iliyofuata Kipyego alisimama mbele ya sufuria.

"Niwekee na makaa kidogo, mama," alisema.

Nanzala alimjazia kikombe. Kipyego alikunywa akiwa amesimama. Kwenye barabara ya Soy kundi la vibarua lilikuwa likipita, majembe begani, kwenda kupalilia mahindi ya mzungu. Jepchirchir alikuwa wa mwisho.

Kipyego alimwona. Aligeuza uso, akanyoosha kikombe aongezewe.