Pepesa Macho

Simu ililia kwenye usukani, na kitufe cha kijani cha kupokea oda ya abiria kikaanza kupungua kama mshumaa unaokwisha. Dereva, aliyeitwa Taratibu, akawasha taa ya pembeni, akaegesha pikipiki kando ya mtaro, akashusha mguu, ndipo akainua kidole. Kitufe kilikuwa kimeshazimika. Oda imekwenda kwa mwingine.

"Kwani tumeharibikiwa?" aliuliza abiria wake, mama aliyepakata mfuko wa unga.

"Hapana, mama. Nilitaka kupokea oda."

"Wenzako wanabonyeza huku wanakimbia!"

"Najua."

Wenzake walimpachika jina hilo, Taratibu, kwa sababu hiyohiyo. Pale kijiweni kila mtu alifunga simu kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa tairi, na kila mtu alibonyeza kwa dole gumba bila kupunguza mwendo, jicho moja kwenye kioo cha simu na jingine kwenye lori lililo mbele. Asiyebonyeza upesi anakosa oda, na anayekosa oda nyingi programu ya kampuni inamsahau, hata akiwa amesimama mlangoni kwa mteja.

Mdogo wake alikuwa bingwa wa kubonyeza. Alifia kwenye mzunguko wa barabara kuu, msimu wa mvua, akinyoosha kidole kupokea oda. Kampuni ilisema haihusiki: safari huanza oda inapopokelewa, na yeye alikuwa bado hajaipokea. Mazishi ndugu wakayabeba wenyewe.

Akaunti yake haikuzikwa. Taratibu alikuwa ameomba ya kwake tangu zamani bila kujibiwa, basi akavaa jina la mdogo wake. Ndivyo walivyosema kijiweni, kuvaa jina, na halikuwa jambo la ajabu. Mtu akiumwa, ndugu anachukua simu na kwenda barabarani. Programu ikidai picha ya uso, mgonjwa anapigwa picha kitandani, maisha yanaendelea. Mjane wa mdogo wake ndiye aliyemkabidhi simu, pamoja na pikipiki iliyonyooshwa usukani.

"Watoto wanakula humo, shemeji," alimwambia.

Mama wa unga aliposhuka alitazama simu yake, kisha akamtazama Taratibu.

"Wewe si huyu wa kwenye picha."

"Nimekonda, mama."

"Umekonda mpaka masikio?" Akacheka, akajitwisha unga wake, akaenda zake akilalamika juu ya bei yake.

Alikuwa hajafika mbali simu ilipolia tena, na safari hii haukuwa mlio wa oda. Kioo kizima kilikuwa cheupe, katikati pana duara tupu. *Thibitisha kuwa ni wewe. Weka uso wako ndani ya duara.*

Taratibu akaigeuza pikipiki, akarudi kijiweni.

"Mbona umepauka hivyo?" Kipara, rafiki wa marehemu, alimuuliza. Akaonyeshwa kioo. "Aa, hilo nalo jambo? Mfumo wenyewe mjinga huu, nimeshaupiga chenga mara nyingi. Ngoja."

Akatafuta kwenye simu yake mwenyewe mpaka akapata picha: mdogo wake Taratibu juu ya pikipiki, vifungo vya shati wazi, anacheka na meno yote nje. Taratibu hakuwahi kuiona. Kipara akaisogeza mbele ya kamera, akaipandisha, akaishusha, uso ukaingia katikati. Duara likawa kijani.

"Si nilikwambia!"

Kisha maandishi yakabadilika. *Pepesa macho.*

Mdogo wake aliwatazama na kicheko chake kilekile, macho wazi. Kipara akaitikisa ile simu polepole, kama mtu anayemwamsha mwenzake usingizini. Halafu haya zikamshika, akaiteremsha.

*Akaunti imesimamishwa. Fika ofisini na kitambulisho.*

"Nisamehe, kaka," alisema Kipara. "Sikuwaza."

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Waendesha pikipiki walijaa kwenye benchi, kofia zao ngumu magotini kama watoto wa kupakatwa. Njia nzima Taratibu alikuwa akipanga uongo wake. Mdogo wangu yuko hoi kitandani, atasema, mnipe wiki chache. Labda katika wiki hizo wangejibu ombi lake. Labda angempata mtu wa ndani wa kumwona. Bila akaunti ile hapakuwa na chakula kwenye nyumba mbili.

Akiwa bado kwenye foleni, simu yake ikaita. Alikuwa shemeji yake, mjane wa marehemu.

"Shemeji, uko salama?"

"Niko salama. Vipi?"

"Mbona umesimama hapo muda wote? Nakuona hapo tu."

"Unaniona wapi?"

Alisikia mtoto akilia, akanyamazishwa.

"Kwenye simu," alisema mwanamke. "Marehemu alikuwa ameniunganisha, nimwone akiwa barabarani. Ile pikipiki ndogo yenye picha yake. Inakwenda, inapinda, inarudi. Najua ni wewe, shemeji, sijachanganyikiwa. Ila naiangalia." Akavuta pumzi. "Siku ile nayo ilisimama hivihivi. Nikadhani ni foleni ya magari. Nikaendelea kuosha vyombo."

"Niko ofisini kwao tu," alisema Taratibu. "Nakuja."

Zamu yake ikafika. Msichana wa dirishani hakuinua uso.

"Mwenye akaunti yuko wapi?"

"Mimi ni kaka yake."

"Sikuuliza hivyo. Aje mwenyewe."

Ule uongo ulikuwa tayari mdomoni. Taratibu akaumeza.

"Amefariki, dada."

Msichana akainua uso, akamtazama, akarudi kwenye kompyuta.

"Pole, kaka. Basi inabidi tuifunge. Mfumo unataka sababu. Kuna amehama, kuna amepoteza simu, kuna ameacha kazi." Akasita. "Niweke ameacha kazi?"

"Hakuacha."

"Ni mfumo tu, kaka. Kifo hakipo humu."

"Hakuacha kazi. Alikuwa anaifanya. Alikuwa anabonyeza oda yenu." Hakupaza sauti, lakini benchi zima liligeuka kumtazama. "Usibonyeze hilo neno."

"Nisipobonyeza, mfumo utaifunga wenyewe usiku."

"Ufunge wenyewe."

Msichana akatazama mlango wa bosi wake, kisha akauondoa mkono kwenye kibodi.

"Mpaka usiku itaonekana kwenye ramani?" aliuliza Taratibu.

"Itaonekana. Ila haipati oda."

"Sihitaji oda."

Alirudi kwa barabara kuu. Kwa miezi yote ile alikuwa akizunguka mitaani kuukwepa ule mzunguko. Sasa akaingia humo, akashika upande wa ndani, na malori yakampigia honi kwa mwendo wake. Akatokea upande wa nyumbani. Simu ilikuwa kimya kwenye usukani.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, ameshika simu yake kwa mikono miwili. Hakumtazama. Alitazama kioo. Taratibu akazima injini.

"Wanaifunga usiku huu," alisema. "Nilishindwa kuwadanganya."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Watoto kesho watakula nini, hakuna aliyeuliza.

"Sogea kidogo, shemeji," alisema, macho bado kwenye kioo. "Inaonyesha yuko barabarani."

Taratibu akaisukuma pikipiki kwa miguu, hatua baada ya hatua, mpaka tairi la mbele likagusa kizingiti.

"Hapo," alisema shemeji yake.